Joho la Portia na kibanja cha baba

Ukitaka kuliamsha darasa la fasihi saa tisa alasiri, baada ya ugali wa kafeteria, waambie kwamba Juliet alikuwa mvulana. Cleopatra naye. Lady Macbeth naye. Katika kampuni za maigizo za London wakati wa Shakespeare hakukuwa na mwigizaji wa kike hata mmoja. Nafasi zote za wanawake vijana zilichezwa na wavulana ambao sauti zao hazijawa nzito, na wanawake hawakuanza kuigiza huko kama kazi mpaka 1660, majumba ya maigizo yalipofunguliwa upya. Mhadhiri wetu alipolisema hilo viti vya nyuma vilicheka dakika nzima. Kisha jamaa mmoja akanyoosha mkono: "Sasa madam, mimi nikipangiwa kufundisha huko Nkwenda, haya yananisaidia nini?"

Aliitaja Nkwenda kama mtu anayetaja mwisho wa dunia. Mimi ni wa hukohuko. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Unashuka Omurushaka, unabadili gari, unafuata barabara ya kwenda Murongo mpakani na Uganda, na kama mvua imenyesha unamwomba Mungu. Kwa hiyo swali la jamaa nimelichukua kuwa langu.

Ratiba ya muhula ule ilinisaidia. Jumanne tulikuwa na Saikolojia ya Elimu, Alhamisi tulikuwa na Tamthilia, na nilikuwa naandika madesa ya kozi zote mbili kwenye daftari moja kwa sababu bumu lilikuwa halijatoka. Ukifungua ukurasa huu unakuta Bandura na watoto wake wanaopiga mdoli kwa kuiga wakubwa. Ukifungua unaofuata unakuta Rosalind anavaa nguo za kiume na kuingia msituni. Baada ya wiki tatu sikuweza tena kuzitenganisha.

Tuanze na watu wa zama zile wenyewe, maana nao walikuwa na saikolojia yao hata kama hawakuiita hivyo. Waganga wao walirithi kutoka kwa Galen, tabibu wa enzi ya Warumi, wazo kwamba mwili unaongozwa na majimaji manne, na kwamba tofauti ya mwanaume na mwanamke ni ya joto: huyu moto na mkavu, yule baridi na mwenye unyevu. Mwanahistoria Thomas Laqueur aliandika mwaka 1990 kwamba kwa wasomi wale mwanamke alikuwa kama mwanaume ambaye hakuiva sawasawa. Helen King na wengine wamempinga, wanasema watu wa zama zile hawakuwa na imani moja tu kuhusu mwili. Mimi simo katika ugomvi wao. Ninachokiona ni kwamba kama tofauti ni ya joto tu, basi ni tofauti inayoweza kuteleza, na ndiyo maana wahubiri waliogopa sana nguo. Philip Stubbes, mwaka 1583, aliwashambulia wanawake wanaovaa mavazi ya kiume, na maadui wa maigizo walikuwa na hoja moja waliyoipenda: mvulana akivaa gauni kila siku mchana, kuna kitu ndani yake kitalegea. Walinukuu Kumbukumbu la Torati sura ya 22.

Sura hiyohiyo nimeisikia kwetu, mimbarini, ikielekezwa kwa wasichana waliorudi likizo na suruali. Na hapo ndipo pananichekesha. Tunaambiwa uanamke umeumbwa, uko kwenye damu, hauhamishiki. Halafu tunaambiwa suruali ya jinzi inaweza kuuharibu. Kama kitu ni imara hivyo, mbona kinaogopa kitambaa?

Bibi yangu hakusoma Galen lakini alikuwa na mifano bora kuliko yangu. Alituambia kwamba zamani wanawake walikusanya senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, na hawakuwala. Senene walikuwa chakula cha wanaume. Leo msimu ukifika wote tunakula, mabinti kwa wavulana, na hakuna aliyeota ndevu. Alituambia pia kuhusu wanaume kusimama mbele ya watu na kujisifu kwa majigambo, yale tunayoyaita ebyebugo, mkuki mkononi, sauti inapanda, mguu unapiga chini. Profesa Mulokozi ameyaandika mambo haya kwa upande wa Wahaya, na sisi Wanyambo tunayatambua kama ya kwetu. Nilimuuliza bibi: wanawake walijigamba wapi? Akajibu kwa kucheka, shambani, kwa migomba.

Kwenye Saikolojia tulisoma kipimo cha Sandra Bem cha mwaka 1974. Ni orodha ya sifa 60: ishirini zinahesabiwa za kiume, ishirini za kike, ishirini hazina upande. Unajipa alama kuanzia 1 hadi 7. Hoja ya Bem ilikuwa nzuri, kwamba uume na uke wa tabia si ncha mbili za kamba moja. Mtu anaweza kuwa juu kwenye zote mbili. Lakini tazama nini kiko wapi. Kutetea unachokiamini kimewekwa upande wa kiume. Kuwa na sauti ya upole, upande wa kike. Hakuzitoa kichwani mwake tu, aliuliza watu Marekani wanaona sifa ipi inafaa kwa nani. Katika kikundi chetu cha semina tulijaribu kuitafsiri orodha hiyo kwa Kiswahili tukakwama mapema kabisa. "Mkali" kwa mwanaume ni sifa, kwa mwanamke ni onyo kwa wachumba. Tukatafuta neno la mwanamke anayetetea anachokiamini, na neno la kwanza lililotoka midomoni mwa watu, bila kupanga, lilikuwa jikedume.

Na vipimo, jamani, vina historia yake kwetu. Mwaka 1861 John Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Alikuta wanawake wa ukoo wa mfalme wanaonenepeshwa kwa maziwa kwa sababu huo ndio uliokuwa uzuri, akatoa utepe, akampima mmoja wao mkono, kifua, paja, na akaviandika vipimo hivyo kitabuni ili Waingereza wasome. Mwanamke yule hatumjui alifikiri nini. Tunajua inchi zake. Kila nikikutana na kipimo cha wanawake namkumbuka yeye kwanza.

Sasa Portia. Kwa asiyesoma: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ambayo maktaba yetu ina nakala yenye gamba lililoliwa na mende. Antonio amekopa fedha kwa Shylock kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Deni linashindikana. Portia, ambaye ndiyo kwanza ameolewa na Bassanio, anavaa joho la mwanasheria, anaingia mahakamani kama kijana msomi, na anaishinda kesi ambayo wanaume wote wenye mamlaka mle ndani wameshindwa. Mumewe yuko palepale na hamtambui. Kwa kweli ukiihesabu vizuri, tamthilia hii ina wanawake watatu tu wenye majina, na wote watatu wanavaa nguo za kiume: Portia, Nerissa msaidizi wake, na Jessica binti wa Shylock anayetoroka kwao usiku. Hakuna anayefika mbali akiwa amevaa gauni.

Nilipokwenda TP nilipangiwa shule ya kata moja ya Kyerwa. Shakespeare hayumo kwenye vitabu vyao vya kidato cha tatu, kwa hiyo nilitumia klabu ya fasihi ya Ijumaa jioni, na tukaigiza onyesho la mahakama kwa Kiswahili. Niliwaambia wachague nafasi kwa kura ya vikaratasi bila kujali nani ni msichana na nani mvulana. Mvulana mmoja mrefu, mchezaji wa timu ya shule, akapata Nerissa kabla hajajibadilisha. Msichana mmoja mkimya, ambaye kwa wiki nne nilikuwa sijasikia sauti yake zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina, akapata Portia.

Yule mvulana alifanya nini? Akabinua kiuno. Akafunga kitenge kifuani, akaitoa sauti puani, akarembua macho, darasa likaanguka kwa kicheko. Msichana hakufanya lolote la namna hiyo. Aliazima koti la kiranja mkuu, likamfika magotini, akasimama. Hakuiga sauti ya kiume. Hakutembea kwa kutanua mabega. Aliongea polepole tu, akimtazama mtu anayezungumza naye, na darasa lililokuwa linacheka likanyamaza. Aliporudisha koti aliniuliza kama Ijumaa ijayo tutarudia.

Nimelifikiria hili kuliko nilivyofikiria mtihani wowote. Kwa nini mvulana akiwa mwanamke anaifanya vichekesho, na msichana akiwa mwanaume anakuwa makini? Jibu langu ni kwamba mmoja wao anashuka ngazi na mwingine anapanda. Anayeshuka lazima acheke mwenyewe kwanza, ili watu wajue hakai huko. Anayepanda hana sababu ya kucheka. Bandura atakuambia mtoto huiga anachokiona, na ni kweli, lakini mvulana yule ana mama na dada wanne nyumbani ambao hawabinui viuno wakichota maji. Hakuwaiga wao. Aliiga namna wanaume wanavyowaiga wanawake.

Ndiyo maana habari moja ya mwaka 1610 imenikaa. Kampuni ya Shakespeare ilikwenda Oxford kuigiza Othello, na msomi wa huko aitwaye Henry Jackson akaandika barua kwa Kilatini kuieleza. Kilichomgusa ni Desdemona, akiwa amelala kitandani ameuawa, namna uso wake peke yake ulivyowaomba watazamaji huruma. Jackson anamtaja kama mwanamke tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyelala pale alikuwa mvulana, na Jackson alijua. Hakucheka hata kidogo, wala hatuambii kwamba kuna aliyecheka. Kwa hiyo kicheko cha darasa langu la Kyerwa, na kile cha viti vya nyuma hapa chuoni, si maumbile. Kimefundishwa, na watazamaji wengine walifundishwa vingine.

Lugha nayo ina mkono wake. Tulipoweka Kiingereza na Kiswahili sambamba, kikundi chetu kiligundua kwamba sehemu ya utani inapotea. Kiingereza kinamlazimisha kila msemaji achague: huyu wakili ni wa kiume au wa kike? Kila kiwakilishi kinaurudia uongo wa Portia. Kiswahili hakina shida hiyo, na Kinyambo vilevile. Amekuja, amesema, ameshinda. Mwanasheria ni mwanasheria. Rafiki yangu wa kozi aliona ni hasara ya tafsiri, na kwenye prezentesheni tulibishana mpaka muda ukaisha. Mimi naona ni jambo la ajabu zaidi ya hasara: tuna lugha ambayo ingeweza kumwacha Portia aingie mahakamani bila kuulizwa, na bado tunamuuliza.

Kuna upande mwingine wa somo hili ambao darasani tunaupita mbio, macho yakiwa kwenye daftari. Antonio anaanza mchezo akiwa na huzuni asiyoweza kuieleza, na yuko tayari kufa kwa ajili ya Bassanio. Wapo wahakiki walioisoma huzuni hiyo kama mapenzi, na wapo waliosema huo ni urafiki wa zama zile, ambapo wanaume waliandikiana maneno mazito kuliko ya wachumba wa leo bila mtu kushtuka. Sidhani tamthilia yenyewe inatoa hukumu. Ila nikumbushe tu kwamba siku ya soko Kayanga utakutana na wanaume wawili wenye mvi wametembea kilomita nzima wameshikana mikono, wakiongea habari za ng'ombe, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Mgeni kutoka Chicago angeandika makala. Tusome miili ya watu wa 1596 kwa tahadhari hiyohiyo, na tahadhari haina maana ya kulifunga swali. Portia mwenyewe hakulifunga. Ile pete aliyompa mumewe, Bassanio aliitoa kwa yule "wakili" kwa sababu Antonio alimsihi, na mke aliona vizuri kabisa kwamba anashindana na mtu.

Nimeacha makasha mpaka sasa kwa sababu ndiyo yanayoniuma. Baba yake Portia amekufa na ameacha wosia: makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na atakayechagua kasha sahihi ndiye atakayemwoa binti. Binti hachagui wala hakatai. Freud aliandika insha nzima juu ya makasha haya mwaka 1913. Kwake makasha ni wanawake watatu, na hadithi ni ya mwanaume anayechagua, na yule wa tatu, mkimya, kwa undani wake ni kifo. Ni insha yenye akili nyingi. Niliisoma mara mbili usiku mmoja hosteli, kila mara nikisubiri afike kwa msichana aliyekaa pembeni akiangalia mikono ya wageni ikigusa makasha. Hakufika. Freud alimfuata mwenye kuchagua. Swali la binti mbele ya wosia wa baba aliyekufa hakuliuliza.

Mimi nalijua kidogo. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha sita. Aliacha kibanja cha ekari tatu, migomba na kahawa, na aliacha wosia wa maandishi wenye mashahidi: upande wa juu ni wangu, wa chini wenye nyumba ni wa mama na mdogo wangu wa kiume, na kipande cha barabarani cha mdogo wetu wa mwisho, msichana. Mpaka leo haujatekelezwa. Ukoo unasema ardhi ya ukoo haiendi kwa mtu atakayeolewa. Anayelisema hilo kwa sauti zaidi ni mzee ambaye alinilipia ada ya muhula mmoja wa kidato cha tano, kwa hiyo usitegemee nimchore kama Shylock. Ananipenda. Kwenye kikao cha mwaka jana wanaume walikaa kwenye mabenchi na sisi kwenye mikeka. Niliomba kusema, nikaambiwa kwa upole, "Mwanangu, we umesoma, mdogo wako atasema kwa niaba yenu." Mdogo wangu ana miaka kumi na saba na alikuwa anachezea simu. Mzee mwingine akaongeza kwamba kama nina la kusema sana nitafute mwanaume wa kunisemea.

Nilicheka ndani kwa ndani, kwa sababu hilo ndilo joho. Linapatikana hata kwetu. Unaliazima kwa kaka, kwa mjomba, kwa mume. Hata sifa zetu tumezishona kwa kitambaa kileile: mwanamke akiongea vizuri kikaoni anaambiwa ana moyo wa kiume, na anatakiwa ashukuru. Mwanaume akiambiwa ana moyo wa kike, ugomvi. Yumo Portia mwingine kwenye Shakespeare, mke wa Brutus katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1963. Huyo alijichoma paja ili mumewe aamini kwamba anaweza kutunza siri, kwamba yeye ni imara kuliko wanawake wengine. Sifa ileile, bei yake damu.

Mwaka huohuo wa 1963 serikali ilitangaza sheria za mila za mirathi, Tangazo namba 436, na ndani yake mwanamke angeweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Hapo anaingia mtu ambaye ningependa kila mwanachuo wa Kagera amjue. Jina lake Holaria Pastory, wa upande wa Muleba. Baba yake alimwachia ardhi kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kuomba mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume na Katiba na haki za binadamu, na kwamba mwanamke na mwanaume wa Kihaya wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Mpwa alibaki na nafasi ya kuikomboa ardhi kama mwanaukoo yeyote, kwa kurudisha hela.

Weka wanawake hawa wawili pamoja. Portia ni kijana, tajiri, msomi, anashinda kesi ya rafiki wa mume wake kwa nguo za kuazima. Halafu anarudi nyumbani, ambako siku ya kasha kufunguliwa alishatamka kwamba nyumba, watumishi na yeye mwenyewe sasa ni mali ya Bassanio, na sheria ya Uingereza ya wakati ule ingemwambia hivyohivyo. Holaria Pastory ni mzee, wa kijijini, na kesi ni yake mwenyewe, kwa jina lake. Hakuvaa joho la mtu. Kati ya hao wawili, tamthilia bora ni ya kwanza. Hukumu bora ni ya pili, na ninashangaa kwamba katika miaka yote ya shule niliyosoma Kagera, msingi mpaka sekondari, jina lake sikulisikia hata mara moja. Nilimkuta humu chuoni, kwenye daftari la rafiki yangu anayesoma sheria.

Jamaa wa viti vya nyuma anaweza kusema kwamba sasa nimetoka kwenye fasihi. Labda. Lakini mzee wa ukoo haongozwi na sheria, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 tayari inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, na mwenyekiti wa kijiji anaijua. Anaongozwa na picha iliyo kichwani mwake ya msichana ni nini: mtu anayepita, mgeni kwao, ambaye akiongea sana anakuwa kitu kingine. Picha hiyo huivunji kwa kifungu cha sheria peke yake. Yule msichana wa koti la kiranja aliivunja kwa dakika kumi mbele ya wanafunzi arobaini, wavulana wakiwamo, na baadhi yao ndio wazee wa ukoo wa kesho. Ndiyo faida ya kupangiwa Nkwenda na Portia mkononi, kama bado anauliza.

Nilipomaliza TP niliiacha nakala ya tamthilia kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ile. Aliniandikia juzi kwamba wamefika tukio la pete, na yule mrefu wa timu ya mpira ameomba mwenyewe kuendelea na Nerissa, safari hii bila kitenge.

Kikao chetu ni wiki ya mwisho ya Desemba. Wosia uko kwa mama kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la nguo zake. Nimeshatoa nakala tano steshenari ya hapa getini, moja kwa kila benchi, na moja ya hukumu ya 1990. Mdogo wangu amepiga simu jana usiku kuuliza kama bado anatakiwa kuzungumza yeye. Nimemwambia akae karibu na mama, kwenye mkeka.